Makarai Katika Shamba la Susu

Jana mvua ilinyesha wakati wa chakula cha mchana, na mpishi wa shule yetu alikuwa ameacha makarai nje, yamelala kifudifudi kwenye uwanja wa jikoni. Mvua ilipokatika alikuja akayainua. Chini ya kila karai palikuwa na duara la udongo mkavu, mweupe, na kuzunguka duara kila kitu kilikuwa matope. Harufu iliyotoka pale, ya vumbi ambalo mvua haikulipata, ilinifanya nisimame na sahani yangu ya githeri mpaka msichana aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikasema hapana. Mimi husema hapana mara nyingi kwa sababu ni neno fupi.

Wiki hii pia mwalimu wa historia alitufundisha kuhusu mbuga za wanyama na yule Rais wa zamani aliyejali uhifadhi. Alitueleza jinsi Rais huyo alivyotaka ndovu walindwe, jinsi pembe zilivyochomwa hadharani ili dunia nzima ione, na jinsi alivyokuwa akienda kubeba mawe na wananchi kujenga gabioni za kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Wenzangu waliandika. Mimi pia niliandika, lakini nilikuwa namuwaza Susu, nyanya yangu, mama ya baba. Mambo hayo mawili, ndovu na gabioni, yalikutana katika shamba lake, na hayakusalimiana vizuri.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa amerudi chuo cha ualimu, baba alikuwa anashinda gereji Kitui mjini, kwa hivyo nikapelekwa kukaa na Susu kusini mwa kaunti, mahali ambapo ukizidi kutembea unaingia mbuga bila kujua. Hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na vichaka, kisha vichaka vingine, na hivyo vingine ndivyo vilikuwa mbuga. Nyumba ya Susu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Kioko, mjane wa umri wake, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo bila kusimama.

Korongo hilo lilipita katikati ya shamba la Susu. Zamani, kabla baba hajaoa, lilikuwa linakula shamba kila mvua. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, walibeba mawe wakayapanga ndani ya waya kukata korongo, na siku ya mwisho Rais mwenyewe akaja kuweka jiwe lake. Susu alisema alikaa muda wa kuchemsha chai, na chai yenyewe hakunywa. Lakini gabioni ilishika. Kila mvua ilileta udongo kutoka juu, gabioni ikauzuia, mpaka nyuma yake pakawa na kipande cha ardhi nyeusi, laini, kinachokaa na unyevu hata kwingine kukiwa kumepasuka. Kipande hicho ndicho kilimlisha baba yangu. Mwaka huo ndicho kilikuwa kinanilisha mimi.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ukutani, imekatwa kwenye gazeti na kuwekwa ndani ya fremu. Rais ameshika jiwe kwa mikono miwili, na kando yake kuna mgongo wa mwanamke aliyeinama.

"Huo mgongo ni wangu," Susu aliwaambia wageni, hata waliokuja kuomba chumvi tu.

Kitanda changu kilikuwa chini ya picha hiyo. Nilikuwa naona haya kubadilisha nguo mbele yake, kwa hivyo nilibadilishia jikoni. Sikujua kwamba amestaafu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Rais ni kazi ambayo mtu huacha. Niliposikia watu wazima wakisema ndovu ni mali ya Rais, kama walivyokuwa wakisema, nilielewa kwamba ndovu wote walio kule vichakani ni wa huyu mzee wa ukutani, kama mbuzi wetu walivyokuwa wa Susu. Mbuzi wetu walikuwa na alama ya kukatwa sikioni. Nilimwuliza Susu kama ndovu pia wamekatwa masikio. Akasema masikio yao ni makubwa, alama hazikosi. Nadhani alikuwa anataka ninyamaze amalize kuchambua kunde.

Lazima nieleze jinsi mambo ya mifugo yalivyokuwa pale, kwa sababu ndiyo yaliyoleta yote. Mbuzi wa mtu wakila shamba lako, huligusi. Hung'oi kilichovunjwa, hupandi tena, hufagii hata kinyesi. Unamwita mwenye mbuzi, naye anakuja kwa miguu yake mwenyewe, hatumi mtoto. Anasimama pale walipoingilia na kusema, "Mali yangu imekula jasho lako. Nimekuja, nimeona." Wewe unajibu, "Nimesikia." Kisha anachukua jembe anachimba mstari wa kwanza, na baada ya hapo shamba ni lako tena. Mambo ya kulipana huja baadaye, au hayaji. Lakini kabla mtu hajaja kuona, ukigusa shamba umesema mwenyewe kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwona Susu akienda kusimama hivyo katika shamba la Mama Kioko mara kadhaa, maana mbuzi wetu hawakuwa na adabu.

Ndovu waliingia mvua ikiwa imeshanyesha vizuri na mahindi yamenifika kiunoni. Mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi nilikuta Susu amesimama juu ya gabioni, mikono nyuma, akitazama kile kipande cheusi kama mtu anayesoma. Mahindi yalikuwa yamelala. Kunde zilikuwa zimekanyagwa mpaka zimeingia ndani ya udongo. Na kila mahali kulikuwa na nyayo, za mviringo, pana, zimezama. Niliingia katika moja nikakaa. Susu akaniambia nitoke haraka, nisiiharibu.

Kwa Mama Kioko hawakuacha kitu. Walianzia huko.

Susu alimpigia simu mzee wa kijiji, mzee wa kijiji akampigia chifu, chifu akasema amewaambia watu wa wanyama na watakuja. Basi tukangoja. Siku iliyofuata mawingu yalianza kupanda, na hapo ndipo Susu alipotoa makarai. Alikuwa na mawili ya kuchanganyia udongo wa kusiliba nyumba, na beseni letu la kuogea. Aliyabeba mpaka shambani akafunika nyayo zilizokuwa safi zaidi, akaweka jiwe juu ya kila moja. Mvua ikaja. Tukaoga kwa sufuria.

Mimi nilielewa vibaya. Nilidhani unyayo wa ndovu ni kama kamba: ukiufunika, ndovu mwenyewe hawezi kwenda mbali na wewe uliyeufunika, na mwenye ndovu atakuja kumtafuta. Nilikuwa nayazunguka makarai yale kwa mbali sana. Nilimwogopa yule aliye chini ya beseni letu la kuogea zaidi ya wengine, sijui kwa nini. Labda kwa sababu lilikuwa la plastiki.

Mama Kioko alikuja akasimama ng'ambo, mkono kiunoni.

"Mama Muli," alimwita Susu kwa jina la baba yangu, "umeanza kufuga makarai?"

"Nangoja mwenye mali aje aone."

"Unangoja Rais?"

"Aje yeyote wa kwake."

"Basi pika chapati. Rais hali ugali wa jana." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nikipata gari la kubeba vitu naenda mjini Kwa Vonza. Kioko amepanga nyumba nyuma ya duka lake. Amesema nije nikae tu."

"Kukaa tu ni kazi gani?"

"Ni kazi ya watu ambao hawana ndovu."

Hata hivyo jioni hiyo alituletea karai lake moja, akalitupa kwenye mlango wetu, na Susu akalipeleka kufunika unyayo mmoja uliokuwa umekingwa mvua na mabua yaliyolala.

Mimi niliyashika yale ya Rais na chapati. Asubuhi iliyofuata nilifagia njia yote kutoka barabarani mpaka kwenye gabioni. Niliosha viatu vyangu vya kanisa nikaviweka tayari chini ya kitanda. Nilitafuta neno la kumsalimia, kwa sababu nilijua nitaulizwa jina na nitashindwa.

Shida ilikuwa mvua. Ilinyesha jinsi mtu angeomba, polepole, mchana na jioni, na udongo ule mweusi ulikuwa unaiva bila kitu ndani yake. Pojo hazikai sana shambani. Ukizipanda upesi baada ya hasara unaweza bado kuvuna kabla mvua haijaondoka, lakini ukichelewa zinatoa maua juani na basi. Susu alikuwa na mbegu ndani ya chupa, zimechanganywa na majivu. Kila asubuhi aliitikisa ile chupa akairudisha. Mahindi yaliyolala yalianza kuoza, na ile harufu tamu, mbaya, ilifika mpaka kitandani kwangu.

Baba alipiga simu kutoka gereji. Nilisikia yote kwa sababu Susu huweka simu mbali na sikio.

"Mama, panda hizo pojo. Hakuna mtu anakuja."

"Wakija wakute nini? Pojo zimesimama vizuri? Watasema nilidanganya."

"Basi acha hiyo shamba, kuja mjini. Mama Kioko akienda utabaki wewe peke yako hapo na hao wanyama. Na uko na mtoto."

"Mjini nitalima wapi? Kwa sinki?"

"Nakuja kuwachukua mwisho wa mwezi," baba akasema, na hakuwa anatania. Susu alikata simu, akakaa na simu mapajani. Nilijua basi kwamba kuna vitu viwili vinashindana, mvua na huyo mtu wa kuja kuona, na kwamba Susu asipopanda, hatutakuwa na kitu cha kubakia pale.

Alikuja kwa pikipiki, kijana wa sare ya kijani, matope mpaka magotini. Nilimwangalia nyuma yake nione kama kuna magari mengine. Hakukuwa.

"Wewe ndiye mwenye ndovu?" Susu akamwuliza hata kabla hajatoa kofia.

"Mimi ni wa ofisi ya wanyama, Susu."

"Ofisi ndiyo mwenye ndovu?"

"Wacha kwanza nione."

Susu alimpeleka shambani. Nilifuata nikiwa nimeshika leso yake. Kijana alipiga picha mahindi yaliyooza, akapiga picha gabioni, kisha akauliza makarai ni ya nini. Susu akainama akaondoa jiwe, akainua lile la Mama Kioko. Chini yake unyayo ulikuwa vilevile, mkavu, kingo zake hazijabomoka, hata mikunjo ya ngozi ya mguu ilionekana kama mistari ya kiganja. Pande zote maji yalikuwa yamesawazisha kila kitu. Kijana alichuchumaa.

"Nani alikufundisha hii?"

"Mbuzi," Susu akasema.

Aliinua yote, moja baada ya lingine, na kijana akapiga picha zote. Nilifumba macho kwa lile la plastiki. Nilipofumbua, hakuna kilichotokea.

"Nimemaliza, Susu. Hii nitaipeleka ofisini."

"Itaenda ofisini, sawa. Wewe ni wa wapi?"

"Tawa."

"Tawa mbuzi wakila shamba la mtu, mwenye mbuzi hufanyaje?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Huja akasimama shambani."

"Basi umesimama. Sema."

"Susu, siwezi." Alivua kofia sasa, akaishika kwa mikono miwili. "Pole naweza kusema, na nasema pole kabisa. Lakini nikisema mali yangu imekula, nitakuwa nimesema ndovu ni wangu. Mimi hata hii pikipiki si yangu."

Hapo ndipo nilipoongea. Mpaka leo najishangaa. Nilikuwa nimengoja sana, na viatu vyangu vilikuwa vimeoshwa. Nikasema kutoka nyuma ya leso, "Mwenyewe atakuja lini?"

"Mwenyewe nani, mrembo?"

Nikaonyesha nyumba. Hakuelewa, kwa hivyo nikalazimika kusema yote: yule wa picha, wa ukutani, aliyeshika jiwe. Susu alinigeukia polepole. Nadhani hapo ndipo alipojua kwa nini njia yetu ilikuwa imefagiliwa mpaka barabarani.

Kijana hakucheka, na namshukuru kwa hilo. "Huyo alistaafu kabla hujazaliwa. Baada yake akaja mwingine, na baada ya huyo mwingine tena."

"Na ndovu wakachukuliwa na nani?"

"Ndovu hawakuwa wake. Si wa Rais yeyote. Ni wa wananchi wote." Alisema kama kitu alichofundishwa akiwa amesimama kwenye mstari. "Ni wa Susu. Ni wako."

Nilitazama vichaka vya mbuga nikajaribu kuhisi kwamba nina ndovu. Haikuja. Nilichohisi ni kwamba yule mzee aliyenifanya nibadilishie nguo jikoni mwaka mzima hakuwa anakuja, na hakuwahi kujua kwamba tunamngoja.

"Ni wangu?" Susu akauliza.

"Ni wako pia. Iko kwa sheria."

"Na hakuna mtu aliniambia. Naweza kupeleka mmoja soko?"

"Hapana, Susu."

"Kumfunga kamba asile?"

"Hapana."

"Kwa hivyo wangu ni ule wa kula tu."

Kijana akacheka, akaona kwamba Susu hacheki, akaacha. Alitusaidia kubeba makarai mpaka nyumbani. Chai alikunywa, vikombe viwili, akaondoka kabla mvua ya jioni.

Nilidhani Susu atachukua ile chupa ya mbegu. Alichukua jembe peke yake, akafunga leso vizuri, akashuka korongo na kupanda ng'ambo. Nilimfuata. Mama Kioko alikuwa nje anafunga godoro kwa kamba. Shamba lake lilikuwa vilevile tangu siku ile, mabua yamelala. Yeye hakufunika kitu, lakini hakugusa kitu pia, na sikuwa nimeliona hilo mpaka wakati huo.

Susu alipita nyumba, akaenda mpaka kwenye ua wa miiba uliobomolewa, akasimama katikati ya lile pengo.

"Mama Kioko."

"Nini tena? Huyo kijana amekupa gari?"

"Mali yangu imekula jasho lako," Susu akasema. "Nimekuja, nimeona."

Mama Kioko alisimama na kamba mkononi. "Mbuzi wako wamefungwa. Nawaona kutoka hapa."

"Si mbuzi. Nimeambiwa leo ndovu ni wangu. Kwa sheria."

"Mama Muli, mvua imekuingia kichwani."

"Na ni wako pia. Lakini wewe utakuja kwangu kesho. Leo ni zamu yangu."

Nilingoja Mama Kioko acheke, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, hata kanisani. Alikaa chini kwenye godoro lililofungwa. Alilitazama shamba lake, kuanzia kwenye ua mpaka kwenye mlango, kana kwamba naye ndiyo mara ya kwanza analiona. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hata mbuzi wa karibu hawangeisikia, "Nimesikia." Susu akainua jembe.

Mama Kioko alienda Kwa Vonza baadaye, nisidanganye. Lakini alienda baada ya kuvuna, na alirudi kupanda mvua iliyofuata, na iliyofuata tena, na Kioko alichoka kupanga na kupangua ile nyumba ya nyuma ya duka. Baba alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, akakuta pojo zimeshaota kwenye udongo mweusi, akanunuliwa soda, akarudi peke yake. Ofisi sikusikia ilisema nini. Labda ilisema kitu, mimi nikiwa shule.

Kile ambacho mwalimu hakukifikia darasani ni asubuhi iliyofuata ile siku Susu aliposimama kwa Mama Kioko. Mama Kioko alitokea mapema, jembe begani, akapanda juu ya gabioni, pale pale ndovu walipoingilia. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Alisema maneno yote bila kukosea na bila mzaha: mali yangu imekula jasho lako, nimekuja, nimeona. Halafu akashuka na kuanza kuchimba.

Susu alikuwa amelingojea neno hilo siku zote zile, na jibu lake alilijua tangu utotoni. Alitazama chini korongoni, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Mama Kioko hakuinua kichwa. Alichimba mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine, taratibu, kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kuwa. Mimi nilishika chupa ya mbegu nikangoja kuambiwa niweke wapi.

"Nimesikia," Susu akasema, Mama Kioko akiwa karibu kumaliza mstari wa pili. Kisha akaniambia nianze kuanzia kwenye mawe, mbegu mbili kila shimo, na nisiziweke karibu sana.